Familiale Iliyotolewa Klima

Mgongo wangu ndio ulioamua. Nililala chini ya lori kumwaga mafuta ya injini, kazi ikaisha vizuri, halafu nikashindwa kutoka. Vijana wa garaji walinivuta kwa miguu kama gunia la mihogo, na mmoja wao akaniuliza kama nataka mafuta ya kupakwa au ya kuongezewa. Nilicheka pamoja nao. Jioni ile nikamwambia mke wangu kwamba basi, nimefika mwisho wa kazi.

Tangu hapo wananipigia simu. "Mzee Rama, sikiliza hii," wanasema, kisha wanaweka simu karibu na injini. Mimi nasikia simu tu. Kwa hiyo nimeona niwaandikie yale ambayo simu haiwezi kubeba. Nilianza na mshahara gani na nilipandaje, hayo hayawafai kitu. Nitaanza na aliyenifundisha, halafu nifike kwenye gari moja lililonichanganya akili kuliko mengine yote. Bado halijanitoka kichwani.

Garaji yetu ya mtaa wa Buyenzi ilikuwa ya Mzee Hamisi. Mwenye kumkumbuka atakumbuka kanzu yake ya Ijumaa, isiyokuwa na doa hata moja, na ovaroli yake ya siku nyingine, ambayo ungeweza kuichemsha ukapata mafuta ya kukaangia. Nilikuja kwake nikiwa nimetoka shule ya ufundi, nina cheti, na nilidhani siku ya kwanza nitapewa injini. Alinipeleka kwenye gari lililokuwa linanguruma, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Nasikia injini, Mzee."

"Injini ni neno kubwa," akasema. "Mi nasikia pampu ya maji iko inalalamika. We kaa hapo mpaka uisikie."

Nilikaa hapo mpaka adhuhuri. Sikuisikia. Nilisema nimeisikia kwa sababu nilikuwa na njaa, naye akacheka, akanipa turnevisi ndefu, yaani bisibisi, akanionyesha jinsi ya kuweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Hapo ndipo nikasikia kila kitu, hata vile nisivyovitaka. Leo mna kompyuta za kuchomeka chini ya usukani, na mimi sizidharau. Lakini magari ya zamani hayana pa kuzichomeka, na mjini petu magari ya zamani hayafi. Yanabadilisha mmiliki tu.

Miaka ilikwenda. Mzee Hamisi akaniachia kazi nzito, yeye akawa anakuja baada ya swala ya adhuhuri na kukaa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye basi. Wateja walimsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Gari likitushinda tulimwita, naye alikuja na kle, yaani spana, zake mwenyewe mfukoni, akifunga hapa, akilegeza pale. Sote tuliona ni jambo la kawaida.

Wakati huo ndipo Madamu Godeliva alipokuja.

Alikuwa mkunga mstaafu, anakaa Gasenyi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambayo watu walikuwa wanainama kuisikia. Huko pembeni ya mji, mama akishikwa na uchungu hupati gari kirahisi, hasa siku ambazo mafuta hayapatikani. Kwa hiyo alinunua familiale ya zamani, ile ya Kifaransa yenye safu tatu za viti, akang'oa safu ya katikati, akatandika godoro. Mafuta aliyokuwa nayo aliyatunza kama dawa. Akina mama wengi wa Gasenyi walifika hospitali kwa gari lile.

"Fundi," alisema, "hii gari inalia, halafu inatupa kuruwa."

Kuruwa ni ule mkanda wa mpira unaozunguka mbele ya injini. Puli ya chini inazungushwa na injini, mkanda unabeba mzunguko huo kwenda kwenye pampu ya maji na kwenye alternateri, ile mashine ndogo inayotengeneza umeme. Mkanda ukiruka, umeme unakatika na maji hayazunguki. Ukiendelea kuendesha, unapika injini.

"Inaruka wakati gani?" nikamuuliza.

"Mara nyingine."

Hakuna neno baya kwa fundi kama hilo. Afadhali kila mara. Afadhali hata asubuhi tu.

Nilifungua kapo, kile kifuniko cha injini. Upande mmoja wa injini palikuwa patupu. Gari lile lilizaliwa na klima, ile mitambo ya kupoza hewa ndani, na mtu alikuwa ameiondoa yote: kompresa, mabomba, kila kitu. Kazi ilikuwa safi, matundu yamezibwa vizuri. Godeliva alisema alilinunua likiwa hivyo hivyo kutoka kwa familia moja ya Mutanga Sud iliyohama nchi. Mkanda wa asili ulikuwa unapita pia kwenye kompresa. Baada ya kompresa kutoka, waliweka mkanda mfupi uliokata njia. Kila garaji aliyopita ilimuuzia mkanda mpya, ikamwambia sasa iko sawa.

Na mimi nikamwekea mkanda mpya, nikamwambia sasa iko sawa.

Alirudi juma lile lile, mkanda umo mkononi mwake kama nyoka aliyempiga mwenyewe.

Nikaukaza zaidi. Haukuruka, lakini beringi ya alternateri ikaanza kulia, maana mkanda ulioibana kupita kiasi unaila. Nikalegeza kidogo, ukateleza, na mshale wa joto ukapanda. Nikapima puli zote kwa rula ndefu ya chuma, nione kama kuna iliyotoka mbele au kurudi nyuma. Zilikuwa zimenyooka. Nikapima tena kwa uzi. Zimenyooka. Nilibadilisha puli ya chini nikidhani imechakaa. Ile niliyoitoa ilikuwa nzuri kuliko niliyoiweka.

Mzee Hamisi alisogeza kiti chake karibu. "Angalia huku kwa pampu," alisema. "Zamani mukanda ulikuwa unaikumbatia. Sasa unaigusa bega tu. Lazima uteleze."

Ilikuwa kweli. Kompresa ilipokuwepo, mkanda ulilazimika kuzunguka sehemu kubwa ya puli ya pampu. Njia ya mkato iliuacha ushike kidogo tu. Kwa hiyo tulichukua puli ya bure, isiyoendesha kitu, tukaitengenezea shikio, chuma cha kuishikilia, na kuifunga karibu na pale palipokuwa na kompresa, ili isukume mkanda uikumbatie pampu tena. Nilijivunia kazi ile. Nilipeleka gari Kajaga na kurudi, kando ya ziwa, jua kali, nikilikanyaga nilivyotaka. Mkanda haukutoa hata mlio. Nikamwita mwenyewe aje kulichukua.

Siku chache baadaye akapiga simu kutoka barabarani. Umeruka.

"Lakini nimeenda nayo Kajaga!" nikasema.

"Ikikuona we inatulia, fundi. Ni kama mutoto akifika kwa daktari."

Nilianza kulala nikiuona mkanda ule. Nilimuuliza Mzee Hamisi, akanieleza tena habari ya pampu na kukumbatia, neno kwa neno, kana kwamba hatujaweka puli. Nikamwonyesha puli. Akaitazama. "Aa, ndiyo," akasema. "Muzuri. Nani ameweka?" Nikadhani anatania, maana alikuwa mtu wa utani. Nikajibu kwa utani pia.

Mwishowe nikamwambia Godeliva kwamba nitakaa ndani ya gari lake mpaka lifanye mbele ya macho yangu. Nilienda Gasenyi mchana mmoja, mbingu imejaa mawingu, tukazunguka mtaa mzima. Hakuna kitu. Tulipokuwa tunarudi kwake simu yake ikalia. Msichana mmoja aitwaye Nadini, mimba yake ya kwanza, maji yamemwagika. Godeliva hakuniuliza kama nina haraka. Aligeuza gari.

Nadini alitolewa nyumbani akishikwa na mume wake, wakaingia nyuma kwenye godoro. Kabla hatujafika barabara kubwa, mvua ikashuka. Godeliva akawasha taa, akawasha vifutio vya kioo, na kwa kuwa kioo kilijaa ukungu, akawasha feni. Mlio ukaanza palepale, mkali, kama mtu anavuta meza kwenye sakafu. Halafu pakasikika pigo, na taa nyekundu ikawaka mbele yetu.

"Unaona sasa?" akasema Godeliva. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Nadhani alifurahi kidogo kuwa na shahidi.

Nikashuka na kle zangu. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni, na injini ilikuwa ya moto kiasi kwamba matone yalikuwa yanaungua juu yake. Nilizilegeza bulo, zile bolti za alternateri, nikarudisha mkanda, nikakaza. Nyuma Nadini alikuwa anaita mama yake kwa Kirundi, na mume wake alikuwa anamwambia "Mana yanje, Mana yanje," yaani Mungu wangu, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

"Washa!" nikapiga kelele. Godeliva akawasha injini. Mkanda ulizunguka vizuri, kimya. Taa zilikuwa zimezimwa wakati huo, sijui na nani, labda yeye alizima kulinda batri. Nikainua mkono nimwambie twende. Yeye akadhani nataka taa, akaziwasha, pamoja na vifutio na feni.

Na mimi nikaona alternateri inainama.

Ilisogea kidogo sana. Ilikuwa kama mtu aliyekaa kwenye benchi anayemwegemea jirani ili amnong'oneze. Puli yake ikapinda, mkanda ukapanda ukingoni, mlio ukaanza.

"Zima taa!"

"Na hii mvua?"

"Zima, Madamu! Zima kila kitu!"

Akazima. Alternateri ikarudi, ikanyooka. Kama rula ingekuwa mkononi mwangu, ingenidanganya tena.

Sikuelewa kwa nini inafanya vile. Nilielewa tu kwamba ukiidai umeme mwingi inafanya kazi nzito, mkanda unaivuta, nayo inalegea. Na kwamba siku ya jua njiani kwenda Kajaga sikuwa nimewasha hata redio. Niliingia ndani, nikafungua dirisha, nikavua kofia yangu, na tangu pale mpaka hospitali mimi ndiye niliyekuwa kifutio cha kioo. Niliegemea nje mpaka kiunoni, nikifuta upande wa Godeliva kwa kofia, mvua ikiniingia mdomoni. Watu waliojikinga kwenye vibaraza walinitazama. Mmoja alinipungia mkono. Godeliva aliendesha polepole, akizungumza na Nadini bila kugeuka: "Pumua, mwanangu. Apana kusukuma. Bado. Bado kidogo."

Mtoto alizaliwa wakiwa wameshamfikisha Nadini ndani, kabla hawajamaliza kumuuliza jina lake. Msichana. Mume alitoka nje akanishika mikono yote miwili, kofia ikiwa katikati inachuruzika maji, akaniambia "Urakoze, muganga," yaani asante, daktari. Nikamwambia mimi ni fundi wa magari. Akasema ndiyo, ndiyo, muganga.

Kesho yake nilishusha alternateri mezani. Nyuma yake palikuwa na sikio la chuma lenye tundu, na kuzunguka tundu palikuwa na duara lisilo na kutu. Kitu kilikuwa kimefungwa hapo kwa miaka mingi. Niliupitia upande ule mtupu wa injini kwa kidole na tochi, ndipo nikaelewa: shikio la kompresa lilikuwa na mkono mmoja unaoenda nyuma kushika alternateri. Aliyeondoa klima aliondoa shikio lote, pamoja na mkono ule. Alternateri ikabaki inashikwa mbele tu. Ikiwa imetulia inaonekana imenyooka. Ikifanya kazi inainama.

Kwa hiyo, vijana, mkitoa klima kwenye gari la zamani, msiangalie tu kile mnachokitoa. Angalieni kilikuwa kinashika nini. Angalieni mkanda mfupi unakumbatia pampu kiasi gani. Na baada ya hapo msilijaribu gari likiwa halina kazi: washeni taa, feni, vifutio, kila kinachokula umeme, mmoja wenu akae kwa usukani, mwingine asimame pembeni, si mbele ya mkanda, atazame. Rula inapima kilicholala.

Niliamua kuutengeneza mkono ule mwenyewe. Nilihitaji chuma kinene, na Mzee Hamisi alikuwa na vyuma vya kila aina nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka garaji. Yeye alikuwa msikitini. Binti yake Mariamu akanipeleka uani, akanionyesha kasha. Nikainua bati la juu.

Lilikuwa hapo. Shikio la kompresa, mkono wake bado umo, na bulo zake zote zimefungwa pamoja kwa waya wa shaba uliosokotwa kama alivyokuwa anasokota yeye na hakuna mwingine. Chini yake ilikuwa kompresa yenyewe.

"Hii ilikuja lini?" nikamuuliza Mariamu.

"Ni ya ile familia ya Mutanga Sud," akasema. "Ya ile gari ya viti vingi. We ulikuwa umeenda Rumonge, kazi ya yale malori. Baba alifanya hiyo kazi mwenyewe. Alikuwa na furaha wiki muzima."

Nilikaa kwenye ngazi. Mzee aliporudi, nikampa shikio. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza.

"Hii ni ya kompresa," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku yangu ya kwanza. "Na huu mukono unashika alternateri kwa nyuma. Mutu akitoa klima, asitoe huu. Akitoa, mukanda utamusumbua mpaka achoke."

"Nani aliitoa, Mzee?"

"Sijui. Mutu asiyejua kazi."

Mariamu aliangalia pembeni. Alikuwa ameanza kusahau lini? Alipoifanya kazi ile, alijua na akasahau katikati? Au aliifanya akiwa mzima, akakosea kama anavyokosea yeyote, na kusahau kukaja baadaye? Nilihesabu kichwani magari yote yaliyopita mikononi mwake tangu wakati ule, breki, usukani, magurudumu. Nilimuuliza Mariamu. Akasema kwamba nyumbani Mzee anauliza habari za mama yake mzazi, ambaye tulimzika zamani, na kwamba yeye Mariamu alidhani sisi garajini tunajua. Sisi tulidhani anatania.

Nilikata shikio, nikabakisha mkono, nikaufunga kwenye familiale. Godeliva hakuwahi tena kuniletea mkanda mkononi. Alipouliza shida ilikuwa nini, nilimwambia kulikuwa na chuma kimepotea na tumekipata. Akasema, "Njo hivyo tu?" Nikasema njo hivyo tu.

Magari mengine aliyoyashika Mzee nilianza kuyaita moja moja, kwa visingizio. Nilisema nataka kuona breki, nataka kusikia injini. Mengi yalikuwa sawa. Mengine sitayaeleza. Wateja walidhani nimekuwa mtu wa bidii.

Mzee mwenyewe sikuweza kumnyang'anya kle. Mariamu alisema tufanye, kisha akasema tusifanye. Kwa hiyo nilikuwa napita nyuma yake. Akifunga gurudumu, nilingoja aende kukaa, nami nikapitia kila bulo. Zaidi ya nusu zilikuwa zimefungwa vizuri kuliko ambavyo ningefunga mimi. Nyingine zilikuwa zimewekwa kwa vidole tu. Hapakuwa na mpangilio ambao ningeweza kuuelewa. Gurudumu moja lingeweza kuwa na za aina zote mbili.

Mchana mmoja aliniona. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu alilotoka kulifunga, kle iko mkononi, na kivuli chake kikasimama karibu yangu.

"Rama. Uko unafunga bulo zangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Ziko legevu?"

Moja ilikuwa legevu kabisa. "Apana, Mzee. Ziko sawa."

"Kama ziko sawa, unafunga nini?"

Alinitazama, na mpaka leo sijui kama aliyekuwa ananitazama alikuwa anajua au alikuwa amepotea. Kisha aliingiza mkono mfukoni, akatoa kle yake, ile nzuri ya zamani, akanipa.

"Tumia hii," akasema. "Hiyo yako inakula vichwa vya bulo."

Akavuta kiti chake cha basi, akakaa karibu na gurudumu, akanishikia tochi mpaka nikamaliza.